Kitanda cha Kona ya Tisa

Mtu aliyewahi kushuka mlima ule na tani thelathini za saruji mgongoni hana haja ya kuelezwa kitanda ni nini. Ni sisi wengine, tunaoushuka tukiwa kwenye viti vya nyuma tunatafuna karanga, ndio wa kuelezwa. Mlima una kona kumi na moja. Kwenye kona ya tisa, pale breki za lori zinapoanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, kuna njia fupi inayochepuka kushoto, inapanda kidogo ubavuni mwa mlima, halafu inaishia kwenye tuta. Nyuma ya tuta ni korongo tupu. Njia yenyewe ina mita tisini tu, na imejazwa kokoto za mviringo za mtoni, kina cha kiuno. Haiendi popote. Kazi yake ni moja: lori lililokatikiwa breki liingie humo, magurudumu yazame, likae kama nguruwe kwenye tope, na dereva ashuke kwa miguu yake miwili akatafute pa kukojoa.

Madereva waliiita kitanda. Tofauti na vitanda vya majumbani, hiki kilikuwa salama pale tu kilipokuwa hakijatandikwa. Kokoto zikiachwa hushikana. Mvua inaleta udongo, jua linaukausha, na baada ya miezi miwili una sakafu. Kwa hiyo kila Jumatatu, miaka kumi na mmoja mfululizo, Mama Sururu, mnyapara wa vibarua wa barabara, alikwenda na watu wake wanne wakazipindua kokoto zile kwa sururu na sepetu, kama watu wanaolima shamba lisiloota kitu.

Wapita njia waliwacheka. "Mama, mwaka huu mmepanda mawe?"

"Tumepanda wajinga," alijibu bila kuinua kichwa. "Naona wewe umeshaota."

Wiki ile alikuwa hayupo. Alimpeleka mama yake mzazi hospitali ya mjini kufanyiwa upasuaji wa jicho, akakaa naye Jumatatu hadi Jumatano. Alhamisi alfajiri alipanda gari la kwanza kurudi, akaomba ateremshwe kona ya tisa ili akikague kitanda chake kabla hata ya kwenda kunawa uso.

Alisimama pale na mkoba begani. Akatazama. Akaushusha mkoba chini taratibu, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Juu ya kokoto palikuwa pamemwagwa kifusi cha udongo mwekundu, kikanyunyiziwa maji, kikashindiliwa kwa rola mpaka kikang'aa. Kando kando palipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe, moja baada ya jingine, kama meno ya bandia. Mama Sururu alitembea hadi katikati akakanyaga kwa kisigino. Kisigino kiliruka. Akakanyaga tena. Kikaruka tena. Lori likiingia pale sasa halitazama. Litapanda mita tisini kwa kasi ileile lililokuja nayo, litaruka tuta kama mbuzi, na kule ng'ambo halitafutwi dereva, zinatafutwa nguo zake.

Rola yenyewe ilikuwa pembeni, na ndani yake amejikunja Kidevu, mwendeshaji wake, mtu ambaye kidevu chake kilikuwa kikiingia chumbani yeye mwenyewe bado yuko barazani. Alikuwa anapiga usingizi. Mama Sururu aligonga bati la rola kwa jiwe la chokaa.

"Nani amefanya hivi?"

Kidevu aliamka, akaona ni nani, akatamani asingeamka. "Shikamoo mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Usiniulize mgonjwa. Nani?"

"Mimi ni mkono tu, mama. Kichwa kiko ofisini."

"Na huo mkono haujui kazi ya kitanda? Kidevu, wewe mwenyewe umewahi kuchimbua lori hapa. Umekunywa soda za shukrani hapa!"

"Nilimwambia. Akasema nishindilie." Kidevu alitazama usukani wake. "Nikamwambia tena. Akasema nishindilie mara mbili."

Nyongo ilimpanda Mama Sururu mpaka akaihisi kwenye meno. Aliuokota mkoba, akasimamisha gari la mchanga lililokuwa linapanda, akaenda kileleni.

Kileleni ndiko kulikokuwa na kila kitu: ofisi ya barabara, kambi ya vibarua yenye vyumba nane vya mabati ambamo na yeye alikuwa na chake, kibanda cha chai, na uwanja mkubwa ambamo kila lori zito lilitakiwa kusimama kabla ya kushuka. Sheria ilikuwa nzuri tu, ukiisoma. Lori zito lishuke mchana peke yake. Lipimwe breki kwanza. Dereva apewe karatasi yenye mhuri. Shetani hakuwa kwenye sheria. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye taulo mgongoni, ndani ya ofisi yenye feni isiyozunguka.

Mkuu wa kituo aliitwa Bwana Rula, ingawa si mbele yake. Alikuwa na rula ya chuma ambayo haikutoka mkononi. Alipimia nayo kina cha mashimo, upana wa mistari, na kuna waliosema hata mkate wa nyumbani kwake ulikatwa kwa vipimo.

"Mama, karibu. Mgonjwa hajambo?"

"Mkuu, kitanda kimeshindiliwa."

"Kimependeza, siyo?" Alitabasamu kwa dhati kabisa, na hilo ndilo lililomtia Mama Sururu hasira zaidi. "Mkaguzi kutoka makao makuu anafika leo saa sita. Keti nikuonyeshe."

Hakuketi. Bwana Rula alifungua faili, akatoa fomu ya ukaguzi ya mwaka uliopita, akaweka rula chini ya mstari wa kumi na nne. Paliandikwa: *Changarawe iliyolegea juu ya uso wa barabara. Kasoro moja kwa kila mita kumi.* Na pembeni, kwa wino mwekundu: *9*.

"Kasoro tisa," alisema Bwana Rula. "Zote zimetoka kwenye kile kitanda chenu. Tukawa wa mwisho kati ya vituo kumi na viwili. Unajua nilisimamishwa mkutanoni, mama? Mtu mzima, nimesimama, wenzangu wananitazama kama mtoto aliyejikojolea."

"Pole. Lakini pale si barabara, Mkuu. Hakuna gari linalopita pale."

"Ina namba. Kipande cha saba B. Chenye namba ni barabara."

"Hata choo cha ofisi hii kina namba. Mbona hujakishindilia?"

"Usinivunjie heshima." Alifunga faili. "Fomu ni ya nchi nzima. Sikuiandika mimi. Mkaguzi akishaondoka, Jumatatu, limeni mpaka mchoke. Siku nne tu."

"Mlima haujui Jumatatu! Una malori mangapi uwanjani sasa hivi?"

"Thelathini na nne. Nimeyazuia tangu asubuhi ili mgeni akute barabara ina nafasi. Saa nane yanateremka yote."

"Thelathini na nne. Kwa mkupuo. Na kitanda ni sakafu."

"Yamepimwa breki. Yana mihuri. Mama, hasira hasara." Aliinuka, na rula ikamwelekea kifuani. "Na nisikie umegusa pale kwa jembe kabla ya Jumatatu. Kazi huna, na chumba cha kambi utakiacha siku hiyohiyo. Nimeeleweka?"

Alieleweka vizuri mno. Mama Sururu alitoka bila kuaga, akaubamiza mlango, na ramani iliyokuwa ukutani ikaanguka.

Uwanjani malori yalikuwa yamepangwa safu tatu, moto kwa jua, madereva wamelala chini ya matela. Alipita akitafuta lori moja tu, la bluu, lenye maandishi nyuma: HARAKA YA NINI. Chini yake zilitokeza nyayo mbili zenye ndala, alizozifahamu tangu zilipokuwa za kitoto. Ni mdogo wake, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, yule ambaye dunia nzima ilimwita Gia Moja.

Jina lilitoka kitandani. Miaka sita nyuma, asubuhi moja, breki zilimkatikia kona ya saba akiwa anapiga mswaki huku anaendesha, maana hakuwa mtu wa kupoteza muda. Aliingia kitandani na shehena ya mabati, lori likazama mpaka ekseli, na watu walipofika walimkuta amekaa juu ya kokoto, mswaki bado uko mdomoni, povu linamdondoka, anasema, "Nani ana maji nisukutue?" Tangu siku hiyo hakushuka mlima ule kwa gia nyingine zaidi ya kwanza. Waliokuwa nyuma yake walimtukana kwa lugha zote wanazozijua, naye akawapungia mkono.

"Toka chini ya gari," alisema dada yake.

Gia Moja alitoka, mafuta usoni. "Dada! Mama anaona?"

"Anaona kuliko wewe. Unatengeneza nini?"

"Sitengenezi. Naangalia." Alifuta mikono kwenye suruali, na hakumtazama usoni. "Breki ya injini imekufa tangu juzi, zimebaki za magurudumu tu. Tajiri anasema spea iko njiani. Na leo mzigo usipofika bondeni, anasema atampa lori mtu mwingine."

"Na kituo kimekupa mhuri?"

Alimtolea karatasi. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Nani amekagua?"

"Nani akague? Jamaa amekaa kwenye stuli anagonga mihuri kama fundi viatu. Ameambiwa amalize kabla ya saa sita, foleni isionekane." Akatabasamu ili amtulize. "Usijali, dada. Nashuka na gia moja, pole pole. Na mambo yakiharibika, si nina kitanda?"

"Huna."

"Sina nini?"

"Kitanda. Wamekishindilia, mdogo wangu. Kifusi, maji, rola. Kimekuwa meza."

Gia Moja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama dada yake vizuri, na kicheko kikaisha hewani. Alikaa juu ya tairi. "Nisiposhuka, sina kazi."

"Na mimi nikichimbua, sina kazi wala chumba. Basi tumetoshana." Macho yalimwasha, akayakausha kwa ukosi wa blauzi kwa ukali, kana kwamba ndiyo yaliyomkosea. "Una sepetu kwenye gari?"

"Ipo."

"Iweke karibu."

Kisha akafanya kitu ambacho watu wa kileleni walikizungumzia kwa miaka. Alikwenda kwenye kibanda cha chai cha shoga yake, mwanamke aliyeitwa Redio. Redio hakuzima. Alikuwa na taarifa ya saa moja, taarifa ya adhuhuri, matangazo ya vifo, na uchambuzi. Siri ukimpa yeye ni mtama uliomwaga penye kuku wengi. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja Mama Sururu hakuwahi kumweleza jambo lolote zito.

Aliinama kwenye kaunta, akasema kwa sauti ya chini: "Shoga yangu, nakuambia wewe tu. Usimwambie mtu."

Redio aliweka birika chini. "Mimi? Mimi kaburi."

Akamwambia yote. Kitanda, rola, fomu, mstari wa kumi na nne, mihuri ya fundi viatu. Redio alisikiliza kwa mdomo wazi, mkono kifuani. Mara mbili alisema "Eti!" na mara moja "Mwanaharamu huyo!" Mama Sururu alipofika kambini kuchukua sururu yake, safu ya kwanza ilikuwa imeshapata. Alipofunga kizibao chake cha njano, safu ya tatu ilikuwa inasema kitanda kimetiwa lami. Alipokuwa anaanza kuteremka kwa njia ya mkato, kuna dereva wa lori la mbao aliyekuwa ameshaapa kwamba ameiona kwa macho yake nguzo ya nyumba ya Bwana Rula imesimikwa katikati ya kitanda.

Saa sita na nusu gari jeupe la makao makuu lilisimama kona ya tisa. Akateremka mkaguzi, mtu mrefu mwenye buti mpya na ubao wa kuandikia. Nyuma yake Bwana Rula, tai imenyooka. Walimkuta Mama Sururu amesimama mlangoni mwa kitanda, sururu begani.

"Huyu ni mnyapara wetu," alisema Bwana Rula haraka. "Amekuja kukusalimu."

"Nimekuja kumwonyesha," alisema Mama Sururu. "Karibu, mgeni. Panda hapa. Kanyaga."

Mkaguzi akapanda, akakanyaga.

"Kanyaga kwa nguvu. Kwa kisigino."

Akakanyaga kwa kisigino. Akaruka-ruka kidogo, akaridhika. "Pagumu kabisa," alisema. "Mwaka jana hapa palikuwa pabaya sana, nakumbuka. Viatu viliingia kokoto. Sasa hapa mmefanya kazi." Akaandika sifuri kubwa kwenye mstari wa kumi na nne.

"Huo ugumu ndio ugonjwa wenyewe!" Sauti ya Mama Sururu ilipiga ukuta wa mlima ikarudi. "Hapa ndipo lori linapokuja kufia ili dereva asife. Wewe unaingiza kiatu; mwenzako anaingiza tani thelathini. Kokoto zisipolegea hazimshiki. Unaona lile tuta? Nenda ukachungulie kule nyuma, halafu urudi uniambie kasoro ni ipi."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikwenda, akachungulia, akarudi rangi imembadilika. Alipitisha kidole kwenye fomu yake, mstari baada ya mstari, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza.

"Nakuelewa, mama," alisema. "Lakini fomu haina sehemu hiyo."

"Haina."

"Haina. Ningependa iwepo. Unaweza kuandika barua ya mapendekezo, ikapitia kwa Mkuu wako—"

Hakumaliza. Mama Sururu alikuwa ameshainua sururu.

Pigo la kwanza lilipasua kifusi, likaruka bonge la udongo mpaka kwenye buti mpya. La pili likatoa kokoto tatu za mviringo, safi, kama mayai.

"Mama! Acha!" Bwana Rula alimkimbilia. "Hiki kipande kimeshakaguliwa! Kimeshakaguliwa!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!" Pigo la tatu. "Wewe unalala wapi, Mkuu? Wewe unashuka mlima huu ukiwa umebeba nini? Rula?"

"Kazi huna! Umesikia? Kuanzia sasa!"

"Basi usinipigie kelele, mimi si mtumishi wako." La nne.

Hapo ndipo waliposikia viatu. Juu, kwenye njia ya mkato, watu walikuwa wanateremka kwa mstari mmoja: madereva wa uwanja mzima, na kila mmoja ameshika alichokipata garini. Mitaimbo, sepetu, spana za magurudumu, na mmoja alikuja na mfuniko wa sufuria. Mbele alikuwa Gia Moja. Nyuma kabisa alikuja Redio, kibanda amekifunga, birika kichwani, kwa sababu taarifa nyingine mtu hawezi kuhadithiwa.

"Rudini kwenye magari!" Bwana Rula alipaza sauti. "Barabara naifungua sasa hivi! Mna mihuri!"

Gia Moja alisimama mbele yake. Kwa kawaida alikuwa mtu wa kucheka. Siku ile uso wake ulikuwa umefungwa kama duka lenye msiba. Alitoa ufunguo wa lori mfukoni, na karatasi yenye mhuri, akavishika vyote viwili kwenye kiganja kimoja.

"Ufunguo huu hapa, Mkuu. Lori la bluu, safu ya pili. Tani thelathini. Breki umezithibitisha wewe kwa mhuri wako. Niteremshie."

Bwana Rula aliutazama ufunguo.

"Chukua," alisema Gia Moja. "Mimi nitakusubiri bondeni."

"Mimi... mimi sina leseni ya magari mazito."

"Leseni ya nini? Si una karatasi?" mmoja wa madereva alifoka kutoka nyuma. "Panda, mzee! Tutakupigia makofi!"

"Muwekee na mswaki!" akaongeza mwingine, na kicheko kilichofuata hakikuwa na furaha hata chembe.

Mkaguzi aliichukua karatasi kutoka kwenye kile kiganja. Akausoma mhuri. Akaugusa kwa kidole, na kidole kikatoka na wino. Alimtazama Bwana Rula, kisha akajifuta kidole, akasogea pembeni ya mawe ya chokaa kuwapisha watu.

Wakaingia kitandani. Hapakuwa na kupanga zamu wala kuimba. Watu thelathini na kitu walipasua sakafu ile kwa hasira ya asubuhi nzima ya jua, na pengine kwa hasira za miaka mingine ambazo hazikuwa na mahali pa kwenda. Mawe ya chokaa yalitupwa korongoni moja moja, na kila moja lilisindikizwa na tusi. Mama Sururu alipita katikati yao akiamuru: "Chimba mpaka uone kokoto! Usikwangue, pindua! Wewe mwenye mfuniko, zoa udongo, tupa nje!" Mikono yake ilikuwa imechubuka na hakuihisi.

Mkaguzi alikuwa bado pembeni. Baadaye alifuta ile sifuri. Kila walipomaliza mita kumi, aliandika kistari.

"Andika," Mama Sururu alimwambia alipompita, jasho linamdondoka. "Andika kasoro zote tisa. Na ya kumi uniandikie mimi."

Saa kumi kasoro, mita tisini zilikuwa zimepinduliwa. Hapakuwa kama zamani. Udongo ulikuwa umeshajipenyeza chini kati ya kokoto, na Mama Sururu alijua kwamba kuuchekecha wote utoke ni kazi ya wiki tatu. Lakini mtaimbo ukiudondosha ulizama. Alidondosha mara kumi, sehemu kumi. Ulizama mara kumi.

"Haya," aliwaambia. "Kitanda kimevurugwa. Teremkeni."

Walirudi juu. Saa kumi na robo malori yakaanza kushuka, moja moja, kwa nafasi, kama sheria ilivyotaka tangu mwanzo. Mama Sururu alisimama mlangoni mwa kitanda na sururu yake, akiyahesabu. Lori la bluu lilikuwa la kumi na tisa. Alilisikia kabla hajaliona, linalalamika kwa gia ya kwanza, na harufu ya breki ikatangulia kona. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi mwembamba. Likafika mdomoni mwa kitanda. Gia Moja alikitazama kitanda, akamtazama dada yake, akakaza mikono, akapita. Kona ya kumi. Kona ya kumi na moja. Honi moja fupi kutoka bondeni.

Hakuna lori lililoingia kitandani siku ile. Hata moja.

La mwisho lilipopita, Bwana Rula, aliyekuwa amekaa ndani ya gari muda wote huo, alishusha kioo. "Umeona?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehitaji sana kuwa sahihi. "Hakuna aliyeingia. Yote yale, bure. Kituo changu kimekuwa cha mwisho tena, bure!"

Mama Sururu alisogea mpaka kwenye kioo. "Mlango wako unaufunga kila siku kwa komeo. Asubuhi ukikuta hakuna mwizi aliyekuja, unaung'oa?"

Kioo kikapanda.

Barua ilikuja Ijumaa. Iliandikwa kwa mashine, mistari imenyooka kama imepimwa: *kuharibu uso wa barabara uliokwisha kaguliwa.* Aliisoma palepale mlangoni mwa ofisi, akairudisha mezani. "Ongeza 'kwa makusudi'," alisema. "Isije ikaonekana niliteleza." Bwana Rula hakuongeza. Mama Sururu akachukua kalamu iliyokuwa mezani akaongeza mwenyewe, akatia sahihi, akaondoka nayo. Mchana huohuo vyombo vyake vilihamia chumba cha nyuma cha Redio, na barua ikabandikwa ukutani kibandani, karibu na kaunta, pale ambapo kila dereva anayesubiri chai hana pengine pa kutazama.

Jumatatu, kama Jumatatu zote, alikuwa kona ya tisa. Hakuwa na kizibao. Alikuwa na sururu yake mwenyewe na chekecheke aliyoitengeneza kwa fremu ya dirisha na wavu wa kuku. Alianza upande wa barabarani: kuchimba, kuchekecha, kutupa udongo, kurudisha kokoto. Kwa saa mbili alikuwa hajamaliza hata eneo la kitambaa cha meza.

Kisha akasikia rola.

Ilikuja taratibu kwa ule mngurumo wake wa kujikohoza, na nyuma yake lori la kifusi, maana Bwana Rula alikuwa ameomba ukaguzi urudiwe. Kidevu alikuwa juu, hatazami upande wowote. Alifika mdomoni mwa kitanda, akaigeuza rola mpaka ikakingama barabarani, mbele ya lori la kifusi, halafu akaizima. Akateremka, akaufungua mfuko wake wa shati, akautumbukiza ufunguo humo, akafunga kifungo.

"Vipi?" aliuliza dereva wa kifusi.

"Imekufa," alisema Kidevu.

"Si ilikuwa inatembea sasa hivi?"

"Ndivyo vinavyokufa vitu. Kabla ya hapo vinakuwa vinatembea. Kamwambie Mkuu aje aisukume."

Lori la kifusi lilihangaika kugeuza, likarudi juu. Kidevu alibaki amesimama pembeni ya kitanda, mikono haijui pa kukaa, kidevu kimeinama mpaka kifuani. Mama Sururu aliendelea kuchekecha. Kokoto zilikuwa zinagonga wavu, na udongo unapita kama unga.

"Mama," alisema Kidevu.

"Usinisemeshe."

"Sisemi."

Alichekecha fremu nzima, akaimwaga, akajaza nyingine. Kisha, bila kugeuza kichwa, akaonyesha kwa sururu upande wa juu, kwenye tuta.

"Sepetu iko kule. Anzia mwisho, ndiko ulikokandamiza zaidi. Na tukikutana katikati usidhani tumepatana."

Kidevu akaokota sepetu akapanda. Akachimba kwa nguvu zake zote, na kila alipopumzika kidogo kunyoosha mgongo, sauti ilimfikia kutoka chini: "Nakuona!"